Tope la mtoni nililomwaga uani: je, jua litaua sumu?

Swali

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina kiwanja Tabata, upande wa bondeni, ishirini kwa ishirini. Mvua zikinyesha maji yanapanda hadi barazani. Mwezi uliopita dereva wa tipa aliniambia wanachimba tope la mto Msimbazi, ataniletea kwa pesa ya mafuta tu ili ninyanyue uwanja. Akamwaga tripu sita. Lilikuwa jeusi, linanuka kama yai viza. Sasa limekauka, limekuwa la kahawia na harufu imeisha. Nimesambaza nusu ya uwanja, nikapanda mchicha na matembele pembeni, na mjukuu wangu wa miaka miwili anashinda hapo akicheza. Kijana mmoja wa mtaani anayesoma chuo kaniambia tope hilo lina sumu za viwandani. Jirani anasema niliache lipigwe jua miezi mitatu, sumu itakufa. Mwingine anasema nipande alizeti, zitaifyonza. Mkwe wangu naye kasoma kwamba Ulaya kuna dawa ya kuosha udongo. Nimsikilize nani? Nilizoe lote? Na hiyo dawa hapa kwetu ipo?"

Jibu

Shikamoo mama. Umeuliza mambo mengi, na karibu kila aliyekushauri ana kipande cha ukweli mkononi, ndiyo maana umechanganyikiwa. Nitayapitia yote. Lakini kabla ya udongo tuanze na mtoto, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri maabara.

Kuanzia leo mjukuu asicheze juu ya lile tope. Tandika mkeka barazani au upande ule wa uwanja ambao haukumwagwa kitu. Mnawishe mikono kwa sabuni kabla hajala, viatu vya uani vibaki nje ya mlango, na usifagie uwanja mkavu kwa chelewa. Nyunyiza maji kwanza, vumbi litulie. Wala usimwite mtu aje kulizoa kesho asubuhi. Kulichokoa tope lililokauka bila kujua lina nini kunaweza kutimua vumbi zaidi ya kuliacha limetulia, na bado hatujajibu swali gumu kuliko yote, kwamba likitoka kwako litakwenda kwa nani.

Sasa tuje kwenye sumu yenyewe. Neno hili tunalitumia kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo ushauri wa majirani unapopishana. Tope la mto unaopita katikati ya jiji linaweza kubeba aina tatu za uchafu, na kila aina ina tabia zake. Ipo ya viumbe hai: vimelea vya kuharisha na mayai ya minyoo yanayotoka vyooni na kwenye mitaro. Ipo ya kemikali za kikaboni, yaani mafuta machafu ya magari, dizeli, viuatilifu na jamii zake. Na zipo metali nzito: risasi, kadimiamu, kromiamu, zebaki, pamoja na shaba na zinki zikizidi kiasi.

Jirani yako aliyetaja jua yuko sahihi kwa aina ya kwanza. Vimelea vingi vya kuharisha hufa udongo ukikauka na kupigwa jua. Mayai ya minyoo ni wabishi zaidi, yanaweza kukaa ardhini mwaka na ushee, lakini nayo mwisho wake hufika. Kwa mafuta yuko sahihi nusu. Dizeli na oili huliwa na bakteria wa udongoni, na bakteria hao wanataka hewa, unyevu na mbolea kidogo. Ndiyo maana udongo wenye mafuta hutandazwa, hupinduliwa kwa jembe mara kwa mara na kutiwa mbolea, na baada ya miezi mafuta hupungua sana. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, sehemu ya fukwe zile zilitiwa mbolea ili bakteria wafanye kazi haraka. Hata kokoto zilizolowa oili kwenye gereji za Gerezani zingeweza kutibiwa hivyo, mtu akiwa na nafasi na subira.

Ila si kila kemikali ya kikaboni inaliwa kirahisi. Kuna shamba la Vikuge, Kibaha, ambako mwaka 1986 ilishushwa shehena ya viuatilifu vya msaada, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na wakati. Ikahifadhiwa kwenye banda ambalo baadaye lilianguka, na DDT ikaingia ardhini. Watafiti wa kwetu waliporudi kupima miaka mingi baadaye waliikuta bado ipo. Jua la Kibaha ni lilelile la Tabata.

Kwa metali, jirani amekosea kabisa. Risasi ni elementi. Haiozi, haiungui, haifi. Chembe ya risasi iliyoingia Msimbazi mwaka 1970 ni risasi hadi leo, imebadilisha tu mahali na umbo. Na hili suala la umbo ndilo ningependa ulielewe vizuri, kwa sababu linaeleza ile harufu na ile rangi.

Tope likiwa chini ya maji halipati hewa. Bakteria wanaoishi humo, kwa kukosa oksijeni, hutumia salfeti, na mabaki yao ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya yai viza uliyoisikia. Salfaidi hiyo hukamatana na chuma ikawa kitu cheusi, ndiyo rangi ya tope lako siku lilipofika. Hukamatana pia na kadimiamu, zinki, shaba na risasi, ikazifunga katika umbo lisiloyeyuka majini. Yaani lile tope jeusi linalonuka, ambalo kila mtu analikimbia, lilikuwa limezifungia metali zake kwa kufuli.

Likishatolewa mtoni na kutandazwa juani, hewa inaingia. Salfaidi inaungana na oksijeni na kugeuka salfeti, chuma kinapata kutu ndipo rangi inakuwa ya kahawia, na katika mabadiliko hayo inazalishwa asidi. Udongo ukiwa na chokaa ya asili ya kutosha, kama vipande vya makombe, asidi inamezwa. Usipokuwa nayo udongo unachachuka, kufuli inafunguka, na kadimiamu na zinki zinaanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo, mahali ambapo mizizi ya mchicha inakunywa. Kwa hiyo mama, harufu kuisha na rangi kuwa nzuri si dalili kwamba sumu imekufa. Kwa kadimiamu inaweza kuwa ndiyo kwanza imeamka.

Risasi ina tabia nyingine. Yenyewe hung'ang'ania chembe za udongo na haipandi sana kwenye majani kupitia mizizi. Hatari yake ni vumbi: linalokaa juu ya jani, linaloingia sebuleni na viatu, linaloshika vidole vya mtoto wa miaka miwili ambaye kila anachokiokota kinaishia mdomoni. Ndiyo maana nimeanza na mjukuu. Mtoto hunyonya risasi tumboni kwa kiwango kikubwa kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Yule kijana wa chuo naye hakukutisha bure. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini pale daraja la Selander, na katikati hapo unapokea mitaro ya viwanda, gereji, machinjio na vyoo vya mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, wakipima kadimiamu, risasi, shaba na zinki, na tangu hapo wengine wengi wamerudi bondeni kupima maji, udongo na mboga. Lakini ninakuomba usikimbilie kuhukumu. Mto si sufuria ya uji kwamba ukionja kijiko kimoja umeonja yote. Tope la nyuma ya kiwanda na mchanga wa kwenye kona ya mto mita mia tatu mbele yake vinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Mimi siwezi kukuambia lako lina nini kwa kusoma maelezo yako, na anayekuambia anaweza ana kitu anataka kukuuzia.

Kuna kipimo kimoja unaweza kukifanya mwenyewe leo jioni. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia kuwa chombo cha kwanza cha kuchunguza mashapo ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, ponda udongo wako, jaza theluthi ya chupa, ongeza maji na chembe za sabuni ya unga, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iweke mahali isiguswe. Kinachozama ndani ya dakika moja ni mchanga. Kinachotua juu yake katika saa mbili tatu zinazofuata ni tope laini. Kinachobaki kinaelea hadi kesho yake ni mfinyanzi.

Hilo linatusaidia nini? Linasaidia sana. Metali na mafuta hazikai sawasawa kwenye udongo. Hukaa kwenye chembe ndogo, zile zilizo chini ya mikromita 63, yaani nyembamba kuliko unywele wa mtu. Fikiria sahani ya udongo na khanga, vyote vimemwagikiwa mchuzi wa mawese. Sahani utaisuuza na kuendelea kuitumia, khanga utaifikicha mpaka mikono iume na doa libaki. Mchanga ni sahani, mfinyanzi ni khanga. Chupa yako ikionyesha robo tatu ni mchanga, una sababu ya kupumua kidogo. Ikionyesha karibu yote ni tope na mfinyanzi, usicheleweshe kupima.

Na hapa ndipo ilipo ile "dawa ya kuosha udongo" aliyoisoma mkwe wako. Ipo, ila si dawa. Kule Hamburg, Ujerumani, mtambo uitwao METHA umekuwa ukifanya kazi tangu 1993, ukichukua tope linalochotwa bandarini na kulipitisha kwenye mashine zinazolizungusha kwa kasi hadi mchanga unajitenga na tope laini. Mchanga unakwenda kutumika. Tope laini, lenye karibu uchafu wote, linakamuliwa maji na kwenda kuhifadhiwa. Ukiangalia vizuri, hakuna kilichosafishwa, uchafu umekusanywa tu mahali padogo. Rotterdam, yenye bandari kubwa kuliko zote Ulaya, ilijenga katika miaka ya 1980 bwawa kubwa la kingo, Slufter, kwa ajili tu ya kuweka tope chafu la bandarini. Nchi tajiri, watafiti wa miongo, na bado sehemu kubwa ya kazi yao ni kutenganisha na kufungia. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nasema ili mtu akikuletea chupa ya kimiminika na kudai ukimwagia udongo utakuwa safi, umwambie akanywe chai.

Zipo njia kali zaidi. Kwenye uwanja wa ndege wa Da Nang, Vietnam, udongo wenye dioksini iliyoachwa na vita ulirundikwa na kupashwa moto hadi nyuzi 335 za Selsiasi, na sumu ikavunjika. Ilichukua miaka na fedha ambazo hakuna kiwanja cha Tabata kinazistahimili. Na joto hilo linavunja dioksini kwa sababu ni ya kikaboni. Risasi ingebaki palepale.

Alizeti sasa. Huyu jirani wa pili ananipa kazi zaidi, kwa sababu anachosema kimeandikwa kweli na wanasayansi, na ni kizuri kusikiliza. Mimea fulani hufyonza metali. Lakini tupige hesabu pamoja. Tripu sita za tipa la kawaida tuseme ni tani 40. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba tope lina risasi iliyozidi kwa miligramu 100 kwa kila kilo. Hapo una kilo nne za risasi za kuondoa. Umeitandaza kwenye mita za mraba 200. Alizeti zikistawi vizuri mno zitakupa kilo moja ya mmea mkavu kwa kila mita, jumla kilo 200. Tuwe wakarimu tuseme kila kilo ya mmea imebeba miligramu 100 za risasi, ingawa mara nyingi haifiki. Umeondoa gramu 20 kwa msimu. Gawanya kilo nne kwa gramu 20 unapata misimu 200. Ukilima vuli na masika bila kukosa ni miaka mia moja, na kila msimu una rundo la mabua yenye risasi ambayo huwezi kumpa mbuzi wala kuyachomea chapati. Panda alizeti kwa uzuri wake.

Kinachofaa katika mazingira yako ni kazi ya kuchosha isiyo na jina la kuvutia, nayo ni kukata njia kati ya udongo na mdomo. Na kwanza unapima.

Chukua koleo safi la plastiki au kijiko kisicho na kutu. Chota kwenye sehemu kumi hivi za lile tope, kina cha vidole vinne, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo uweke kwenye mfuko mpya wa plastiki na uandike. Fanya vivyo hivyo upande wa uwanja ambao haukumwagwa tope, mfuko wa pili. Huo wa pili watu huusahau, na bila huo hujui tope limeongeza nini juu ya kilichokuwapo. Usichote chini ya ukuta wenye rangi ya zamani inayobanduka, utapima rangi. Sampuli zinaweza kupelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au uulize idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au maabara ya mazingira ya Chuo Kikuu Ardhi. Ulizia bei kabla, na omba vitu vichache: risasi, kadimiamu, kromiamu, arseniki, zebaki, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo. Usilipie orodha ndefu. Kama tope lilikuwa linang'aa mafuta juu ya maji siku lilipofika, ongeza kipimo cha mafuta. Wenye migodi wana kifaa cha mkononi kama bastola kinachosoma metali papo hapo, na ukipata mtu mwenye nacho ni msaada mzuri kwa risasi, ila kwa kadimiamu ya kiwango kidogo hakioni kitu, kwa hiyo kikikuambia "haipo" usishangilie.

Namna ya kusoma majibu. Udongo ambao haujaguswa na viwanda kwa kawaida una risasi ya makumi machache ya miligramu kwa kilo, na kadimiamu chini ya miligramu moja. Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na maabara ikuandikie majibu yako kando ya viwango hivyo. Kwa kulinganisha, Marekani kwa miaka mingi ilianza kuchunguza viwanja vya makazi risasi ikifika 400, na mwaka 2024 wakashusha hadi 200. Udongo haukubadilika, uelewa wetu juu ya ubongo wa mtoto ndio uliobadilika.

Majibu yakiwa karibu sawa kwa mifuko yote miwili na yako chini, una tope tu, la kawaida, na kilichobaki ni kusubiri vimelea vife na kuosha mboga. Yakiwa ya kati, usizoe. Sawazisha tope, lishindilie likiwa na unyevu, tandika juu yake kitambaa au viroba vilivyofumuliwa ili mtu akichimba siku za mbele ajue amefika mpaka, kisha mwaga moramu au udongo safi sentimita 30 na upande ukoka. Kazi imekwisha, na unanyanyua uwanja kama ulivyotaka. Mboga zihamie kwenye viroba au matuta yaliyoinuliwa yenye udongo ulionunuliwa mahali unapopajua. Pale ambapo huwezi kufunika, chokaa ya kilimo inarudisha pH juu na kuilaza kadimiamu, na samadi iliyooza vizuri au mkaa wa pumba za mpunga hushika metali kiasi. Mbolea ya fosfeti huibana risasi ikawa madini yasiyoyeyuka kirahisi, jambo ambalo limefanyiwa utafiti mwingi. Lakini usiimwage hovyo: ikiwepo arseniki, fosfeti huisukuma itoke, na chokaa nyingi nayo inaweza kufanya hivyohivyo. Ndiyo maana nimesema upime arseniki na pH kabla hujafungua mfuko wowote.

Yakiwa juu sana, hapo linazolewa, na si wewe unayelizoa. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani. Waliookoa vijiji vile hawakuwa na dawa ya ajabu: walikwangua udongo wa juu uani, wakaufukia kwenye mashimo yaliyoandaliwa, wakamwaga udongo safi. Nenda serikali ya mtaa ukiwa na karatasi ya maabara mkononi, muandike barua kwa ofisa mazingira wa halmashauri na kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tafadhali sana usimwite dereva yuleyule alizoe akalimwage anakojua yeye. Anakojua yeye ni kwenye kiwanja cha mama mwingine.

Uholanzi walijifunza hili kwa uchungu. Kwenye mji mdogo wa Lekkerkerk walijenga nyumba mpya miaka ya 1970 juu ya mitaro iliyojazwa kifusi cha bei rahisi. Ndani ya kifusi kulikuwa na mapipa ya taka za kemikali, zaidi ya 1,600. Mwaka 1980 kaya kama 270 zikahamishwa, na nchi nzima ikatungiwa sheria ya kusafisha ardhi. Hakuna aliyemwaga kwa nia mbaya ya kumuua mtu. Kulikuwa na shimo la kujazwa na mtu mwenye mzigo asiotaka kuulipia dampo, kama ulivyokutana na tipa lako.

Nikitoka kidogo nje ya kemia: hata tope lako likitoka safi kama unga, usijenge juu yake. Tope la mto na mfinyanzi huvimba mvua zikija na kupasuka kiangazi, na msingi utakufuata. New Jersey, Marekani, tope la bandari huchanganywa na saruji hadi linakuwa gumu, na kuna maduka makubwa yaliyojengwa juu ya kifusi cha namna hiyo, lakini hiyo ni kazi ya wahandisi wenye vipimo, si fundi na mifuko mitatu ya saruji. Kwa kunyanyua kiwanja tafuta moramu, na kabla ya hapo muone mhandisi wa manispaa akuambie maji yako yataelekea wapi, maana ukinyanyua wewe peke yako yanahamia kwa jirani. Kama una kisima kifupi hapo uani, peleka na maji yake yapimwe, ingawa kwa bonde lile ningeanza kuhofia choo kabla ya risasi.

Kuhusu mjukuu, usimsubirishe hadi maabara ijibu kama ana dalili: tumbo linalomsumbua bila sababu, damu kupungua, kukosa hamu ya kula, kuwa mzito kuongea kuliko wenzake, na zaidi ya yote degedege, ambayo ni ya kukimbia hospitali saa hiyohiyo. Hata bila dalili, udongo ukitoka na risasi nyingi mpeleke Amana au Muhimbili kwa daktari wa watoto na useme wazi: mtoto amecheza kwenye udongo wenye risasi, naomba damu ipimwe risasi. Bila kulitaja hilo neno utapimiwa malaria na kurudishwa nyumbani. Kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi ndicho Shirika la Afya Duniani linasema chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Daktari atakuuliza pia juu ya betri chakavu, rangi za zamani na sufuria za kusubu za mtaani, maana udongo hauko peke yake. Mtoto mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha mwilini hunyonya risasi kidogo zaidi, kwa hiyo dagaa, maziwa na maharage visikosekane.

Umebaki mchicha uliokwisha kuota. Kuosha kwa maji mengi kunaondoa vumbi, na vumbi ndilo lenye risasi, lakini kadimiamu iliyo ndani ya jani haioshwi wala haichemki ikatoka. Mpaka majibu yaje, ung'oe, ufukie palepale, usiuze wala usimpe jirani. Matembele nayo yang'oe. Kama una mpapai ulioota zamani upande ule mwingine, mapapai endelea kula, menya tu vizuri: metali nyingi hubaki mizizini na majanini, tunda hupata kidogo. Chupa yako ya udongo ikishatulia kesho asubuhi, pima kwa rula kila tabaka, uandike vimo vyote vitatu kwenye karatasi utakayoipeleka maabara pamoja na ile mifuko miwili.